Kufunga kizazi mwanaume: ganzi tu au nusu kaputi? Waliopitia njooni hapa

BabaWanne_Moro
Wakuu habari za mchana. Nina watoto wanne, tumekaa na mama watoto tumekubaliana hapa ndo mwisho. Yeye sindano za miezi mitatu zimemsumbua sana, akaweka kijiti kikamtoa damu mfululizo mpaka wakakitoa, kwa hiyo zamu imekuja kwangu. Nimeenda kuulizia hospitali moja hapa mkoani, daktari kanielezea vizuri tu, mirija ya mbegu ndo inakatwa na kufungwa, kokwa haziguswi, nguvu zinabaki palepale. Hapo sina shida.

Shida imekuja nilipomuuliza nikizinduka nitakaa wodini muda gani. Akacheka. Akasema hakuna kuzinduka kwa sababu hakuna kulala, ni ganzi ya palepale na tutakuwa tunapiga stori mimi na wewe. Aisee nilitoka jasho. Mimi kung'olewa jino tu nilishikiliwa na watu wawili. Nikamwambia nitalipia nusu kaputi kwa hela yangu, akasema kwa kazi hii hawafanyi.

Sasa swali langu: wanakataa kwa sababu ni hatari, ni gharama, hawana mtaalamu wa usingizi, au ni mazoea tu? Na hakuna njia ya katikati, mtu asilale kabisa ila asijielewe elewe? Utani pelekeni jukwaa lingine.

Mndengereko Halisi
Ukishaandika "utani pelekeni jukwaa lingine" umeshaukaribisha mkuu. Nimekaa siti ya mbele.

kipepeo_tz
jamani mwacheni baba wa watu, humu wangapi wangethubutu hata kwenda kuulizia. hongera kaka. ila hilo la jino umenimaliza 😂

Fundi Bomba
Mimi nimefungwa, tena Kigoma. Wengi hamjui kwamba Kigoma hii kitu ilishawahi kushika kasi kweli, mpaka watafiti wakaenda kuwahoji waliofunga na wake zao na waliogoma, utafiti wao ulitoka 2007.

Nilifanyiwa kwa ganzi tu. Nesi alininyoa akapaka dawa ya kahawia ya baridi, daktari akawa anapapasa kwa vidole vitatu anautafuta mrija, akiupata anaubana pale chini ya ngozi ndo anachoma. Ile sindano sitakudanganya inauma, inaunguza kidogo halafu panakuwa pazito, unahisi hapo si pako. Kukatwa sikusikia kabisa. Nilichosikia ni mvuto, upande wa kushoto, kama mtu kakufunga kamba kitovuni anaivuta taratibu kutokea chini. Maumivu ya kisu hapana, ni kichefuchefu fulani hivi tumboni. Nikamwambia dokta nasikia tumboni, akasema eeh ndo hapo hapo, vuta pumzi. Upande wa kulia sikusikia chochote na mpaka leo najiuliza kwanini kushoto tu. Nilivaa suruali nikaondoka na miguu yangu.

BabaWanne_Moro
Fundi Bomba asante ila hiyo "kamba kitovuni" ungeiacha tu mkuu.

Nesi Mstaafu
Baba Wanne salama? Nimekaa chumba cha upasuaji muda mrefu ngoja nikupe nilichokiona. Kazi yenyewe ni dakika kumi na tano mpaka thelathini, tundu ni dogo, na kwa njia ya siku hizi isiyotumia kisu wengine hawashonwi hata uzi. Kukulaza usingizi mzima kwa kazi hiyo ni kukuongezea hatari ambazo upasuaji wenyewe hauna, njia ya hewa, kutapika matapishi yakaingia kwenye mapafu, presha kushuka. Lazima ukae masaa sita bila kula, lazima awepo mtaalamu wa usingizi, mashine, oksijeni, na mtu wa kukukalia mpaka uzinduke. Hata Marekani walikojaa vifaa, chama chao cha madaktari wa mkojo kwenye mwongozo wa 2012 wanasema ganzi ya mahali, na kidonge cha kutuliza au bila kidonge. Dripu ya kusinzisha au usingizi mzima ni pale mtu anapoikataa ganzi au daktari anapoona haitatosha.

Kwa hiyo daktari wako yuko sahihi, isipokuwa hilo la "hatufanyi" angelieleza vizuri, maana wapo wanaostahili kulazwa. Aliyewahi kupasuliwa hapo kabla, aliyezaliwa kokwa halijashuka, au mwenye hofu ambayo akiguswa tu anaruka kitandani.

Fundi Bomba huo mvuto una sababu. Kokwa zinaanza kuumbwa huko juu karibu na figo ndo zinashuka, na neva zake zinashuka nazo. Ukivuta chini ubongo unasoma tumbo. Ganzi ikiishia kwenye ngozi bila kupandishwa juu kufuata mrija, kisu hutakisikia ila mvuto utausikia.

Mchumi wa Kijiwe
Nesi umeeleza vizuri ila tusizunguke mbuyu, sababu kubwa ni wataalamu wa usingizi hawatoshi. Hospitali ya wilaya unakuta mmoja au wawili na foleni ya akina mama wa kujifungua kwa upasuaji iko mlangoni, nani atakupa wewe mtaalamu kwa ajili ya kazi ya dakika ishirini? Hatari inasemwa sana kwa sababu ndo jibu lenye heshima.

Nesi Mstaafu
Mchumi, Uingereza wataalamu wapo na bado wanafanya kwa ganzi. Hilo utalielezaje?

Ughaibuni Leicester
Nathibitisha. Huku nilifanyiwa bure kwa huduma ya afya ya taifa, kliniki ndogo tu, redio inaimba, daktari ananiuliza habari za mpira. Kuna jamaa yangu alitaka usingizi, wakamwambia sawa ila utapelekwa hospitali kubwa na foleni yake ndefu. Alipoona barua za kusubiri zinakuja tu akarudi kwenye ganzi. So hata penye wataalamu bado wanakusukumia huko huko.

Mpenda Historia
Mnasahau ilikotokea. Hii kazi imefanywa kwa ganzi hata kwenye kambi za umma. India, Ernakulam jimbo la Kerala, kambi ya Julai 1971 walifungwa wanaume zaidi ya 60,000. Unadhani nani angewalaza wote hao? Halafu 1974 China, mkoa wa Sichuan, Dk Li Shunqiang akaja na njia ya kutoboa bila kisu, na yeye ndo alipanga ganzi ipigwe kando ya mrija kama anavyosema Nesi, si kwenye ngozi tu. Miaka ya themanini wageni wakaenda kujifunza ikaenea duniani. Kwa hiyo wingi wa watu nao tusiusahau.

kisukari cha mbao
hao wa india si walikuwa wanapewa hela na nguo ndo wakaja? mtu mwenye njaa hata bila ganzi anakubali, hiyo sio hoja ya kusema ganzi inatosha

Mpenda Historia
Zawadi zilikuwepo kweli. Sijasema inatosha, nimesema ndo historia yake.

Kijana wa Maabara
Turudi kwa Fundi Bomba na kushoto yake. Mimi nasema daktari hakusubiri. Lignokeini, yaani dawa yenyewe ya ganzi, ukichoma unatakiwa ukae dakika mbili tatu hadi tano ndo ushike chuma. Alianza kushoto haraka haraka ganzi haijakolea, mpaka anafika kulia imeshashika. Kesi imefungwa.

Fundi Bomba
Alianza kulia.

Mndengereko Halisi
😂😂😂 kesi imefunguliwa tena

Mzee wa Chumbageni
Fundi wewe unakula mirungi? Sema ukweli hatukuhukumu. Wala mirungi na wanywaji wa gongo ganzi haiwashiki, waulizeni madaktari wa meno wa Tanga watawaambia wanachoma mara mbili tatu.

Fundi Bomba
Mzee sijawahi kuonja mirungi. Bia nakunywa.

Nesi Mstaafu
Hilo la mirungi nimelisikia maisha yangu yote ya kazi. Ila mirungi ingekuwa sababu ingekataa pande zote mbili Mzee wangu, haichagui kushoto.

Mkemia Mtaani
Sababu ya kuunguza wakati wa kuchoma mnaijua lakini? Lignokeini ya kwenye chupa ina asidi. Kuna wanaoichanganya na bikaboneti kidogo ili isiunguze, na kuna sindano nyembamba sana zile mtu anasikia kidogo tu. Muulize daktari wako anatumia namba ngapi.

Mndengereko Halisi
Mwenzio anakimbia sindano we unamtuma akaulize namba yake.

Dokta wa Kata
Mimi ni tabibu tu si bingwa, ila nimesaidia kwenye hizi kazi. Kitu ambacho hamjakigusa ni BARIDI. Chumba kikiwa na AC kali ngozi ya korodani inajikunja, kokwa zinapanda juu, mrija unakuwa mgumu kushikika, hapo daktari lazima avute zaidi na mgonjwa lazima asikie tumboni. Miongozo ya mafunzo inasema kabisa chumba kiwe na joto. Tulikuwa tunazima AC kabla mteja hajaingia, wauguzi wananung'unika joto, lakini mteja ametulia na kazi inaenda. Mtu mwenye hofu naye anajikunja vilevile, ndo maana kumtuliza si anasa.

Na kushoto, kwa wanaume wengi kushoto kunaning'inia chini zaidi, na mishipa ya damu iliyovimba nayo hupendelea kushoto. Fundi inawezekana ulikuwa nayo hujui, daktari akapata kazi kuutenga mrija.

Fundi Bomba
Sasa hapo umeniongezea ugonjwa mwingine.

Nakuru_Msee
Sasa wazee. Huku kwetu Kenya ni ganzi pia. 2016 ile Siku ya Vasektomi Duniani, yaani hii kufunga kizazi kwa wanaume, ilifanyiwa Nairobi. Mimi nilidungwa tu nikapiga story na daktari hadi mwisho, kilichonishtua ni harufu, kuna kachuma ka moto wanatumia kuchoma ncha ya mrija, ukisikia hiyo harufu unajua ni wewe. Uchungu hakuna. Lakini nilipoinuka haraka nikaona giza, nikarudishwa chini nikapewa soda. Kwa hivyo Baba Wanne usiinuke haraka.

Nesi Mstaafu
Hiyo ya kuona giza inatokea sana, hata kwa wenye misuli. Presha inashuka kwa hofu na ule mvuto. Haina uhusiano na wingi wa ganzi.

Kachuma ka moto ni sahihi, Rwanda nao walipopanua huduma kuanzia 2010 na mkufunzi kutoka Canada, Dk Michel Labrecque, ndo njia waliyofundishwa, kutoboa bila kisu, kuchoma mrija kwa moto na kuweka utando katikati ya ncha mbili. Kwenye hospitali za wilaya.

Mama Swai
Nimesoma toka juu nimevumilia, sasa niseme. Mimi nilifunga kizazi kwenye zile huduma za mkoba, wakanipasua chini ya kitovu kwa ganzi na dawa kidogo ya kunituliza, nikasikia mkono wa mtu unatafuta mirija NDANI YA TUMBO, nikatoka nimeshika tumbo nikaenda nyumbani kwa bajaji. Nyinyi mrija uko hapo nje unashikika kwa vidole mnataka mashine, oksijeni na mtaalamu wa usingizi. Sababu yenu kubwa ni uoga.

kipepeo_tz
mama Swai 🔥🔥🔥 uzi ungefungwa hapa

BabaWanne_Moro
Mama Swai nimekusikia na waifu kasoma kapiga vigelegele. Lakini shikamoo yako nakupa na hofu yangu nabaki nayo, haitoki kwa kusemwa. Umesema ulipewa dawa ya kutuliza. Hiyo ndo naulizia, nani anajua zaidi?

Mbongo wa Columbus
Huku Marekani nilipewa kidonge cha diazepamu, nikakimeza kama saa moja kabla. Hulali, unakuwa hujali tu. Daktari anachoma mimi nawaza kama nilizima jiko. Masharti yake lazima uwe na mtu wa kukuendesha, na hakuna kusaini karatasi yoyote baada ya kumeza, fomu ya ridhaa unasaini kabla. Kliniki nyingine wanatoa ile gesi ya kucheka, unaishika mwenyewe unavuta ukitaka, ukiacha baada ya dakika chache imeisha mwilini. Mdogo wangu Australia yeye alipewa kifilimbi cha kijani anavuta dawa ya maumivu humo, wenyewe wanakiita Penthrox. Na kuna sehemu wanarusha ganzi kwa presha bila sindano kabisa, kifaa kinapiga paa! moja, mlio ndo unakutisha.

Nilitaka dripu ya kusinzisha nikaachana nayo kwa sababu ya hela, mtaalamu wa usingizi analeta bili yake pembeni. Kwa hiyo Mchumi wa Kijiwe hayuko mbali sana na ukweli.

Mchumi wa Kijiwe
Asante kwa kunielewa. Wengine humu wanajifanya hela haipo duniani.

kisukari cha mbao
diazepamu ya nini mkuu, piga konyagi ndogo moja asubuhi uende umechangamka

Nesi Mstaafu
HAPANA. Pombe na dawa za kutuliza zikikutana upumuaji unalala. Na ukifika unanuka pombe watakurudisha, ridhaa ya mlevi si ridhaa. Hii si ya kutania.

kisukari cha mbao
sawa mama

Mtu wa Pangani
Kwani ile ya mgongo vipi? Mimi nilipasuliwa busha kwa sindano ya mgongo, nikawa naona miguu inanyanyuliwa kumbe ni yangu. Hakuna nilichosikia. Kichwa tu ndo kiliniuma baadaye, nikiinuka kinagonga nikilala kinaacha.

Nesi Mstaafu
Kwa busha sawa, kazi ni kubwa na ndefu. Kwa kufunga mirija ni kujibebesha mzigo kuliko kazi yenyewe. Utalala masaa ukisubiri miguu irudi, mkojo unaweza kugoma, na hicho kichwa umekieleza mwenyewe. Inawezekana kama daktari ameona sababu, lakini usiiombe kwa ajili ya uoga.

Mwana wa Bodaboda
Mimi nilipopata ajali niliwekewa ketamini wanirudishe mfupa. Wakuu, nilimuona marehemu babu amekaa juu ya taa ya tieta ananidai mbuzi. Baba Wanne wakikwambia kuna ketamini fikiria mara mbili.

Mndengereko Halisi
Ulimlipa?

Mwana wa Bodaboda
Nilimwambia Jumamosi.

Dokta wa Kata
😂 Ketamini inafanya kazi nzuri sana kwa mifupa na ndoto zake zipo kweli, ndo maana wengi huongezewa dawa ya kutuliza. Kwa vasektomi kwa kweli ukipata diazepamu, chumba cha joto, na daktari asiye na haraka, umemaliza. Ile ya kupaka krimu ya ganzi kabla kuna wanaoisifia, inataka ikae kama saa zima, inafika kwenye ngozi tu, kwenye mrija haifiki.

Mkemia Mtaani
Kuongezea, ganzi ikionekana haijashika una haki ya kusema na kuongezewa, isipokuwa kuna kikomo. Lignokeini isiyochanganywa na adrenalini ni kama miligramu nne na nusu kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 270, yaani mililita 27 za asilimia moja, au kumi na tatu na nusu za asilimia mbili. Kwa kazi hii hawafiki huko, kwa hiyo kuongeza nafasi ipo.

Kijana wa Maabara
Na hapo ndo narudi, Fundi angesema mapema angeongezewa. Upande wowote alioanzia.

Fundi Bomba
Nilisema nasikia tumboni! Nikaambiwa vuta pumzi! Someni bwana.

Mama Swai
Ukisema "nasikia" wanaume wenzio wanadhani unadeka. Sisi tumezoea.

BabaWanne_Moro
Asanteni wote. Nimempigia daktari, nikamuuliza kidonge cha kutuliza, kasema kipo, hakuniambia mwanzo kwa sababu sikuuliza. AC atazima. Waifu atanipeleka na kunirudisha. Nusu kaputi kasema nikiwa na uoga wa kuruka kweli atanipa rufaa ila nijaribu hii kwanza, tukishindwana ananyanyua mikono. Bado sijapanga tarehe, msiniulize.

Mzee wa Chumbageni
Na mirungi usile.

Pwaguzi
samahani naingia kwa kuchelewa, rafiki yangu alifunga akaambiwa tayari, akaanza kujiachia wiki ileile, mkewe akashika mimba. ganzi haikuathiri mrija kweli?

Nesi Mstaafu
Ganzi haihusiki kabisa, inaisha ndani ya saa moja au mbili. Mbegu zilizokuwa zimeshapita mbele ya kifundo bado zipo, ndo maana unaendelea kutumia kinga miezi mitatu halafu unapima manii. Na kufika tarehe tu hakutoshi, subiri jibu la kipimo. Rafiki yako hakuelezwa, au alielezwa akiwa amelewa diazepamu.

Mbongo wa Columbus
Ndo maana mimi maelekezo waliyampa mke wangu kwa maandishi.

Mnyamwezi Mpole
Na mtu akija kubadili mawazo, tuseme kaoa mwingine, wanafungua?

Nesi Mstaafu
Wanajaribu, kwa darubini, masaa mawili mpaka manne, na hakuna ahadi. Hapo kwa kawaida ndo wanakulaza.

Mndengereko Halisi
Baba Wanne unaona? Nusu kaputi yako iko huko.

kipepeo_tz
weeee usimpe mawazo ya mke wa pili 😂

Mnyamwezi Mpole
Basi na Mwanza wanafanyia wapi? Anayejua anicheki inboksi.